Ujumbe wa Saa Kumi na Dakika Saba

Sifael alimshika bega mtu aliyekuwa amempa mgongo, akamwita, "Kaka."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katikati ya soko la mitumba la Memorial, mjini Moshi. Wauzaji walikuwa wamepanda juu ya marundo ya nguo wakinadi, redio mbili zilikuwa zikishindana, na wateja walikuwa wakipishana kwa mabega. Mtu yule aligeuka, na hakuwa mwanaume. Alikuwa dada wa miaka ishirini na tisa hivi, mwembamba, macho yamepakwa wanja, mtandio wa zambarau kichwani. Juu ya gauni lake la kitenge alikuwa akijaribu koti la mlimani, la buluu, lenye mabega ya rangi ya chungwa.

"Kaka gani?" aliuliza. "Mimi nina masharubu?"

Sifael aliuondoa mkono wake.

"Samahani, dada. Nimekufananisha."

"Na nani?"

"Na mwenye koti."

"Mwenye koti ni mimi," alidakia Loveness, mama muuzaji, kutoka juu ya rundo. "Wewe si ndiye uliyeniletea hilo saa mbili asubuhi? Tulishamalizana."

"Naomba unirudishie, mama."

"Mteja ameshalivaa, baba."

Dada yule alimtazama Sifael vizuri. Aliona shati la drafti lililopigwa pasi, viatu vyenye udongo mwekundu wa milimani, na mikono mipana ya mkulima. Akalivua koti taratibu, akalikunja, akampa.

"Nilikuwa namchukulia baba yangu, nitampatia jingine. Lakini mwenyewe akikuuliza kwa nini ulitaka kumuuzia koti lake, utamjibu nini?"

"Hataniuliza. Ni marehemu. Mama alisema nguo zimekaa ndani miaka mitatu, sasa inatosha. Nikadhani naweza. Nimerudi kuliangalia mara ya mwisho, nikakuona umelivaa."

Dada yule hakucheka tena. "Pole sana," alisema. Kisha akauliza, "Umekunywa chai?"

Hivyo ndivyo Raya Khalid alivyokutana na Sifael. Walikunywa chai kwenye kibanda nyuma ya soko. Raya alikuwa mtoto wa mjini, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Pasua, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta. Sifael alikuwa akiishi Kirua Vunjo na mama yake, akilima kahawa na ndizi, akikamua ng'ombe watatu. Walipoagana, Raya aliiandika namba ya Sifael kwenye simu yake kwa jina la Mangi, akamwonyesha.

"Sina hata mtaa, umeshanipa uchifu," Sifael alisema.

"Wachagga wote mna uchifu mahali fulani. Ukinipigia na kunisalimia vizuri, nitakupandisha cheo."

Akapiga kesho yake alfajiri, akiwa zizini. Akapiga na siku iliyofuata. Baada ya mwezi mmoja Raya alikuwa haamki kwa kengele ya simu tena, anaamka kwa sauti ya maziwa yakigonga ndoo na mwanaume anayemuuliza, "Mrembo wangu, mjini kumekucha?"

"Mjini tuna adabu, hatuamshani saa kumi na moja."

"Basi nikate?"

"Ukikata nitakununia wiki nzima."

Siku moja Sifael alimuuliza, "Hivi hizo programu ukishazitengeneza, kutwa nzima unafanya nini?"

"Natafuta zilikokosea."

"Utajuaje?"

Raya alifikiri namna ya kumweleza. "Jioni ukiingia zizini unahesabu ng'ombe. Unajua una watatu. Ukikuta wanne, utaendelea kukamua?"

"Nitasimama kwanza. Huyo wa nne ni wa nani?"

"Ndivyo ninavyofanya. Ndani ya programu naandika masharti, kwamba hapa lazima iwe hivi. Sharti likivunjika, programu inajizima yenyewe. Afadhali ianguke kuliko iendelee kufanya kazi na uongo ndani yake."

"Na ikishaanguka?"

"Inaacha mabaki. Kila kitu ilichokuwa nacho kichwani dakika ile kinabaki kwenye faili moja. Unalifungua, unaanza pale ilipoangukia, unarudi nyuma. Kazi hii iliitwa na nani, na yule aliitwa na nani, mpaka unafika mwanzo wa kosa."

"Kama daktari anayepasua maiti."

Kwenye simu zilisikika pikipiki za mjini peke yake.

"Raya?"

"Nipo. Maziwa yako yatamwagika, mpenzi. Kamua."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Sifael aliliona na hakuliuliza. Saa kumi za alasiri Raya hakuwa akipokea simu. Hakujua kwamba saa ile mpenzi wake huiacha ofisi yake, ghorofa ya pili karibu na mnara wa saa, akashuka barabarani na kusimama katikati ya watu mpaka saa iishe. Kwa maana akibaki ofisini peke yake, husikia hodi. Mtu hugonga mlango mara mbili, hupumzika, hugonga tena. Miaka mitatu sasa alikuwa akifungua na kukuta ukumbi mtupu.

Mwezi wa sita Sifael alimpeleka nyumbani. Raya alivaa gauni refu la kijani na mtandio mweupe, akambebea mama mkwe mtarajiwa doti ya khanga. Kirua ilikuwa na ukungu siku hiyo. Maji yalikuwa yakikimbia kwenye mfereji, migomba ilikuwa imeinamiana juu ya mibuni, na harufu ya majani mabichi na samadi ilikuwa imetanda mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ingia ndani, nje kuna baridi." Mama Eunike alikuwa mfupi, amejifunga shuka mabegani, na alimshika Raya mikono yote miwili bila kuiachia. "Usiogope chakula. Kuku amechinjwa na Mzee Mussa wa pale dukani, nimemwita asubuhi. Na mtori nimeupika kwenye sufuria mpya."

Raya akainamisha kichwa. Walikula, wakacheka. Mama Eunike alimsimulia jinsi Sifael alivyokuwa akilia akiona ndama anachinjwa. Baadaye akakatisha maneno, akageuza sikio nje.

"Mmesikia hodi?"

"Hakuna mtu, mama," Sifael alisema kwa upole.

"Hakuna, kweli." Mama akamgeukia Raya, akatabasamu kidogo kama anayeomba radhi. "Tangu kijana wangu aondoke nasikia hodi jioni. Mchungaji ameshaombea nyumba. Nimezoea sasa. Nyamaza tu, itapita."

Raya alikiweka kijiko chini.

Baada ya chakula Sifael alimtembeza kihambani, kwenye shamba la ukoo. Nyuma ya nyumba, kando ya ua wa masale, mimea ya majani marefu ya kijani, palikuwa na makaburi manne ya ukoo. La mwisho lilikuwa la saruji, jipya kuliko mengine.

"Huyu ndiye mwenye koti," Sifael alisema. "Hatupendi kumzungumzia mbele za watu. Alikuwa kiongozi wa watalii mlimani. Wanasema alimwacha mgeni wake peke yake kwenye dhoruba, akaondoka kama mtu aliyechanganyikiwa. Wengine wanasema alikuwa amelewa. Kaka yangu alikuwa haweki hata mbege, pombe yetu ya ndizi, mdomoni. Lakini ukibisha unaonekana unamtetea ndugu yako."

Raya alikuwa akisoma msalaba. Praygod Tesha. Tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Alisoma mara ya pili, kisha akaona migomba inazunguka.

"Nataka kurudi mjini," alisema.

"Unaumwa?"

"Nataka kurudi mjini, Sifael. Sasa hivi."

Tangu siku hiyo Raya hakupokea simu. Sifael alipiga alfajiri, akapiga mchana, akaandika ujumbe. Siku ya nne alijibiwa mstari mmoja: *Mimi sifai kuingia kwenu. Nisamehe, usinitafute.* Sifael aliusoma akiwa amekaa kwenye ndoo zizini. Akaielewa habari kwa namna ambayo kijana yeyote wa pale angeielewa. Msichana ameona misalaba nyuma ya nyumba, amekumbuka dini yake, ameogopa.

"Ni baba yake," alimwambia mama. "Hawezi kumwoza binti yake kwa Mlutheri."

"Umemuuliza?"

"Hapokei simu."

"Basi unajuaje?" Mama Eunike alikuwa akimenya ndizi, hakuinua macho. "Mimi nilimwangalia yule binti. Hakuogopa msalaba. Aliogopa jina."

Kesho yake Sifael alishuka mjini. Alipanda ngazi za ofisi ile karibu na mnara wa saa, akagonga mlango mara mbili. Ndani alisikia kiti kikianguka. Akangoja. Akagonga tena.

"Nani?" Sauti ya Raya ilikuwa imepasuka.

"Ni mimi."

Mlango ulifunguliwa polepole. Raya alikuwa amekonda. Mtandio ulikuwa umelegea, wanja hakupaka, na alimtazama kwanza miguuni, kana kwamba anahakikisha kuna mtu.

"Kama ni dini," Sifael alianza, "mimi niko tayari kukaa na mzee Khalid tukazungumza. Kama hunitaki, niambie hunitaki, nitaelewa. Lakini usinifungie simu kama mdai."

"Si dini. Kaa chini."

"Nitasimama."

"Kaa, Sifael, kwa sababu ukisikia hutaweza kusimama."

Akakaa. Raya alibaki amesimama dirishani, na alizungumza bila kugeuka.

"Miaka mitatu iliyopita kampuni kadhaa za utalii zilichangia mtambo mmoja. Kila kiongozi anapanda na kifaa kidogo cha redio. Kinaonyesha alipo, na anaweza kuandika ujumbe mfupi. Sisi huku chini tunaona makundi yote kwenye ramani, tunawajibu. Programu ya kupokea zile jumbe niliiandika mimi."

Sifael aliitazama kompyuta iliyokuwa mezani.

"Niliweka sharti kwamba ujumbe wa kifaa kimoja lazima uwe na saa ya mbele kuliko uliotangulia. Wakati haurudi nyuma, nilijisemea. Sikufikiria kwamba kifaa kikiwa nyuma ya mwamba kitauweka ujumbe, halafu kikipata mawimbi kitatuma kwanza taarifa mpya ya mahali kilipo, ndipo kiutoe ule wa zamani. Siku ya dhoruba kifaa namba saba kilifanya hivyo. Sharti likavunjika, programu ikajizima. Ikawaka, na kifaa kilipoona hakijajibiwa kikatuma tena ule ule. Ikaanguka tena. Mara kumi na moja, Sifael. Kila alipogonga, sisi tulianguka."

"Namba saba ilikuwa ya nani?"

"Kulikuwa na makundi kumi na mawili mlimani, na sikuona hata moja. Kundi moja lilikuwa na mgonjwa. Nikadhani saa ya kifaa imeharibika kwa baridi. Nikaiandika namba saba kwenye orodha ya kukataliwa, ramani ikarudi, nikashukuru Mungu. Nilijisemea nitaifungua baadaye." Hapo Raya aligeuka. "Kiliendelea kutuma mpaka usiku, mpaka betri ilipoisha. Mara elfu moja mia tatu na kumi na sita. Zote zimeandikwa: imekataliwa, imekataliwa. Asubuhi wakampata kaka yako."

Barabarani pikipiki zilikuwa zikipita. Sifael aliangalia mikono yake kama mtu aliyeipokea sasa hivi kutoka kwa mtu mwingine.

"Alikuwa anaandika nini?"

"Sijui."

"Hujui."

"Mstari ulioanguka niliujua siku ile ile, nikaurekebisha. Mabaki ninayo, faili moja, liko kwenye diski hapo kabatini. Ndani yake maneno yapo. Nimeshindwa kulifungua. Kila nikilishika nasikia mtu anagonga."

Sifael aliinuka. "Mama yangu anasikia hodi kila jioni," alisema. "Wewe ulikaa mezani kwake, ukamsikia anasema, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Ulimwambia nani haya?"

"Mkubwa wangu wa wakati ule. Akaandika kwamba mtambo ulifanya kazi vizuri. Sikubisha."

Sifael alitoka bila kufunga mlango. Raya alimsikia akishuka ngazi, akisimama katikati, kisha akiendelea kushuka.

Siku nane zilipita. Sifael alikamua, alipalilia, alikwenda kanisani, na kila kitu alikifanya kama mtu anayefanya kazi ya jirani. Alimchukia Raya asubuhi, na jioni alimkumbuka mpaka kifua kikauma. Siku ya tisa, alfajiri, simu ya Raya iliita. Alisikia maziwa yakigonga ndoo, kisha yakakoma.

"Hilo faili," Sifael alisema, "lipo bado?"

"Lipo."

"Usilifungue peke yako. Nakuja."

Alifika saa nne, amevaa koti la kanisani. Hawakusalimiana sana. Raya alileta kiti cha pili, akachomeka diski, akatafuta nakala ya zamani ya programu, ile ile iliyoanguka siku ile, kwa sababu mabaki husomeka kwa programu iliyoyaacha. Vidole vilikuwa vikikosa herufi. Sifael alimwona akiandika neno moja mara tatu.

"Taratibu," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza la upole.

Skrini ilijaa mistari michache.

"Hii ndiyo njia ya kurudi nyuma," Raya alimweleza kwa sauti ndogo. "Juu kabisa ni pale programu ilipojizima. Chini yake, sharti langu, mstari wa mia nne na kumi na mbili. Chini yake, kazi ya kupokea ujumbe. Chini yake, redio."

"Yeye yuko wapi?"

"Hapa. Kwenye kupokea. Ujumbe ulikuwa umeshashikwa mkononi." Alivuta pumzi. "Nikibonyeza, utatoka."

"Bonyeza."

Akabonyeza. Maneno yakatokea, meupe, bila herufi kubwa, kama yalivyoandikwa na vidole vilivyoganda. Kifaa, namba saba. Saa kumi na dakika saba.

*mgeni nimemwacha chini ya jiwe kubwa kundi la tatu linampitia. julius simwoni nyuma. narudi juu kumtafuta. akifika kambini niambieni*

Sifael alisoma kwa midomo. Akasoma tena, safari hii kwa sauti. Alipofika "narudi juu" alikwama, akaanza upya.

"Hakumtelekeza mgeni," alisema. "Alikuwa anamfuata mpagazi wake. Julius. Namjua Julius, alikuja kuzika." Akamgeukia Raya, uso umelowa. "Raya, hakuwa amechanganyikiwa."

Lakini Raya alikuwa amejishika mdomo.

"Nini?"

Angeweza kunyamaza. Yeye peke yake ndiye aliyekumbuka ujumbe mwingine wa alasiri ile. Alitafuta kwenye mabaki yale yale, mistari michache chini, akamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa ujumbe wa kiongozi mwingine, aliyekuwa kambini. *Julius wa namba saba amefika, amelowa ila mzima.* Saa kumi kasoro dakika tano.

"Julius alipita njia ya chini kwenye ukungu," Raya alisema. "Alifika kambini kabla Praygod hajaandika. Sisi tulikuwa tunajua. Jibu lilikuwa mezani kwangu. Kama ningeufungua ule ujumbe, kama nisingemkataa, ningeandika neno moja. *Yupo. Rudi.*"

"Angerudi?"

"Sijui. Redio ingemfikia, nadhani. Sitaki kukudanganya. Nadhani angerudi."

Sifael alizigusa saa za jumbe zile mbili kwenye skrini, moja baada ya nyingine. Akasema kwa sauti ya chini.

"Ungeweza usinionyeshe huo wa pili."

"Ningekuwa nimemkataa mara ya pili."

Alasiri ile walipanda Kirua pamoja. Raya hakuingia ndani mara moja. Alisimama uani, akasema atangoja pale. Sifael alimtazama, kisha akainama kwenye ua wa masale, akakata jani moja refu, akalifunga fundo kama wafungavyo Wachagga wanapokwenda kuomba radhi. Akampa.

"Lishike hivi kwa mikono miwili. Huna haja ya kusema maneno mengi. Akilipokea, amekupokea."

"Na asipolipokea?"

"Sijawahi kuona mtu amelikataa. Lakini sijawahi kuona jambo kama hili."

Mama Eunike alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, moshi ukimzunguka. Raya alipiga magoti mbele yake, akanyoosha jani. Mikono ya mama haikutoka kwenye shuka.

"Niambie kwanza," alisema. "Nataka kujua ninachokipokea."

Raya akamwambia yote. Sharti, kuanguka, orodha ya kukataliwa, mara elfu moja na zaidi. Kisha akausoma ujumbe. Mama Eunike alisikiliza macho yamefumbwa.

"Rudia hapo mwisho."

"Akifika kambini niambieni."

"Rudia."

Raya alirudia mara nne. Mama akaanza kutikisa kichwa polepole, akatamka kitu kwa Kichagga ambacho Raya hakukielewa, na machozi yakashuka bila sauti. Moto ulikuwa karibu kuzimika alipoutoa mkono mmoja kwenye shuka na kulishika jani.

"Anamsemea mwanangu vizuri," alimwambia Sifael, kana kwamba Raya hayupo. "Miaka mitatu watu wamenificha uso kanisani. Huyu amekuja kumtaja vizuri, na akajitaja vibaya." Ndipo akamtazama Raya. "Siwezi kukuambia haliniumi. Linauma, na litauma nikikuona. Inuka hapo, sakafu ni baridi."

Jumapili iliyofuata mchungaji alisoma maneno ya Praygod mbele ya usharika, na Raya aliandika barua kwa kampuni zote za ule mtambo, akaitia sahihi kwa jina lake kamili. Mkubwa wake wa zamani alimpigia kumfokea. Raya hakubadilisha neno hata moja. Aliyebaki kuambiwa alikuwa Julius.

Julius sasa alikuwa na kibanda cha viatu huko Tarakea, mpakani. Sifael na Raya walimkuta siku ya soko, watu wakivuka na magunia ya maharage na mahindi, Kiswahili cha Kenya na cha Rombo kikichanganyika hewani. Alifurahi kumwona Sifael, akawapangusia benchi. Sifael alimweleza taratibu, na alipomaliza akampa karatasi yenye maneno.

Julius aliisoma akiwa ameshika kiatu mkono wa pili.

"Mimi nilijua yuko mbele yangu na mgeni," alisema. "Hata kambini nilisema, Praygod atakuwa ameshafika, yuko kwenye hema la wageni." Akaigeuza karatasi. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika saba."

"Saa ile nilikuwa nakunywa chai," Julius alisema.

Aliweka kiatu chini, akakisogeza sawasawa na mwenzake, kisha akaomba wamwachie karatasi. Alisema anataka mke wake aisome.

Walitoka, wakatembea mpaka soko linapoishia, kwenye ukingo wa barabara inayokwenda forodhani. Mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu nusu yake. Raya alikuwa amevaa lile gauni la kijani, mtandio ukipepea, na alikuwa akitembea hatua moja nyuma. Sifael alisimama kumngoja.

"Nataka kukuambia jambo, na nisipolisema leo sitalisema," alisema. "Kuna siku nitakutazama nikuone wewe. Yule aliyeniuliza kama ana masharubu. Na kuna siku nitakutazama nione ile orodha. Sitaweza kuchagua siku."

"Najua."

"Sitakuficha. Siku nikiiona nitakwenda zizini, nitakaa, nitarudi."

"Utarudi?"

"Nitarudi."

Raya alitazama malori yaliyokuwa yamejipanga forodhani. "Na mimi kuna siku nitasikia hodi katikati ya chakula," alisema. "Nitainuka kwenda kufungua. Utafanya nini?"

"Nitakwenda na wewe mpaka mlangoni."

Raya alitoa leso, akajifuta macho, na wanja ukachafuka mpaka shavuni.

"Baba yangu ni mgumu," alisema. "Ataanza na dini. Ukimpita hapo atakuuliza kabila, na ukimpita hapo atakupima koti bila kukuuliza."

"Anaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja, kuswali."

"Basi mwambie Jumamosi nitampigia," Sifael alisema, akampokea mkoba, wakaanza kurudi.